Fimbo ya haraka au ya polepole? Tathmini ya fimbo tatu za chambo cha manyoya kwa maji ya Hombolo na Mtera

Anayenunua fimbo ya kurushia chambo cha manyoya (ndoano iliyofungwa manyoya au sufi ifanane na mlo wa samaki) akiwa Dodoma ana shida moja ambayo mvuvi wa Marekani hana: hawezi kuishika kabla ya kuilipia. Fimbo inayopatikana kirahisi madukani ni ile ya teleskopu, ambayo vipande vyake huingiana, ya kurushia kizito cha risasi na minyoo. Hii nyingine huagizwa mtandaoni, hukaa njiani wiki kadhaa, hulipiwa forodha, na ikifika umefika nayo, maana gharama ya kuirudisha hukaribia kuila bei yake yote. Kwa hiyo neno moja tu kwenye ukurasa wa muuzaji, kwamba mpindo wa fimbo ni wa haraka au wa polepole, ndilo linalobeba uamuzi. Na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Tathmini hii inaweka pamoja fimbo tatu zenye vipimo sawa kwenye karatasi, zote futi 9, namba 5 (namba ndiyo kipimo cha nguvu, tutaieleza), vipande vinne: Redington Classic Trout, ambayo ni laini, Orvis Clearwater, ya katikati kuelekea haraka, na Sage Foundation, ya haraka kwelikweli. Tunazipima kwa maji mawili ambayo mkazi wa Dodoma anaweza kuyafikia na kurudi siku hiyohiyo: bwawa la Hombolo, kaskazini mashariki ya jiji, na bwawa la Mtera, kama kilomita 130 kusini kwenye barabara ya Iringa.

Kwanza tuelewane kuhusu mpindo. Kata ufito mbichi wa mkole, ushike shinani, uutikise. Unapinda wote, kuanzia ncha hadi karibu na kiganja, na ukiachia unarudi bila haraka, unayumba mara mbili tatu kabla ya kutulia. Hiyo ndiyo tabia ya fimbo ya polepole. Ya haraka hupinda theluthi ya juu tu. Sehemu mbili za chini hukaa kama mpini wa jembe, na ncha ikipindishwa hurudi mara moja na kusimama. Ya wastani hupinda hadi katikati. Mambo haya yana uzito mkubwa kwa sababu katika uvuvi huu chambo hakina uzito wowote wa maana. Kwenye fimbo ya teleskopu, risasi ndiyo inayoruka na kuvuta uzi nyuma yake. Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, wenye uzito, na chambo hufuata mkiani kama unyoya uliofungwa kwenye ncha ya mjeledi. Fimbo ni springi: mshipi unaipinda, nayo inaurudishia mshipi nguvu hiyo.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchanganya mpindo na nguvu. Fimbo ya haraka si lazima iwe na nguvu kuliko ya polepole. Nguvu husomwa kwenye namba. Namba hiyo inatokana na kipimo kilichowekwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1961, ambapo futi 30 za mwanzo za mshipi, yaani mita 9.14, hupimwa uzito. Mshipi namba 4 una gramu 7.8, namba 5 gramu 9.1, namba 6 gramu 10.4, namba 8 gramu 13.6. Fimbo namba 8 ya polepole itamvuta kambale mkubwa kuliko namba 5 ya haraka, hata kama mkononi ya kwanza inaonekana legelege.

Maandishi yaliyo juu kidogo ya mshiko yanakuambia karibu kila kitu, ila kila kampuni ina mpangilio wake. Redington na Sage huandika 590-4: namba 5, futi 9 na inchi 0, vipande 4. Orvis hugeuza na kuandika 905-4: futi 9 na inchi 0, namba 5, vipande 4. Ukiagiza kwa kubonyeza bila kusoma unaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Angalia pia hiyo 4 ya mwisho. Fimbo ya futi 9 ya vipande vinne ina kila kipande cha sentimita 70 hivi, na mkebe wake unaingia kwenye rafu ya juu ya basi, chini ya kiti cha treni, hata mgongoni mwa abiria wa bodaboda. Ya vipande viwili ina kipande cha mita moja na thelathini na kitu, na safari ya daladala moja yenye watu wengi inatosha kuimaliza.

Hombolo: hapa fimbo laini inashinda

Bwawa la Hombolo lilijengwa miaka ya 1950 na samaki wake wanaotafutwa ni perege na kambale. Perege hula karibu na ukingo, kwenye majani na matope ya kina kifupi, mita 6 hadi 12 kutoka ulipo. Usiingie majini kuwafuata. Hombolo kuna kichocho, na buti za plastiki zinazoishia gotini hazikukingi ukizama zaidi ya hapo. Unarusha ukiwa nchi kavu, na nyuma yako kuna nyasi ndefu, miiba, pengine na mbuzi wa watu. Hapo mshipi haupati nafasi ya kunyooka nyuma, na namna ya kurusha inayofanya kazi ni ile ya kuuviringisha: unauburuta mshipi taratibu juu ya maji hadi fimbo ipite bega, unasubiri mshipi uning'inie kama tumbo kando ya fimbo, kisha unasukuma mbele na kusimama ghafla. Mshipi unajikunjua juu ya maji kama mkeka.

Classic Trout inafanya kazi hii vizuri sana. Mita 6 za mshipi zinatosha kuipinda hadi karibu na mshiko, na mkono unahisi kabisa lini pa kusukuma. Foundation, katika umbali huohuo, ni ufito mkavu: mita 6 hazina uzito wa kuipinda, kwa hiyo mvuvi analazimika kutumia bega, mshipi unapiga maji kwa kishindo, na perege walioko kwenye maji ya kufika magotini wanatawanyika. Clearwater iko katikati. Inaanza kuamka mshipi ukifika mita 8 hivi.

Kuna sababu ya pili, na hii hasa ndiyo inayotufanya tuipendekeze fimbo laini kwa perege. Mdomo wa perege ni mdogo na anachukua chambo kwa kukinyonya, hakishambulii. Ndoano inayomfaa ni namba 12 au 14 (kwa ndoano, namba ikikua ndoano inapungua), na uzi wa mwisho, ule unaofungwa kwenye ndoano, lazima uwe mwembamba, wa kuhimili kilo 2 hadi 3. Uzi mwembamba namna hiyo haukatwi na samaki akivuta. Unakatwa na mkono wa mvuvi anapoinua fimbo kwa mshtuko. Fimbo inayopinda yote inaumeza mshtuko huo. Ya haraka inaupeleka moja kwa moja kwenye fundo, na fundo ndilo hukatika. Ukitumia ya haraka kwa perege, panda hadi uzi wa kilo 3 au 4, uongeze urefu wa ule uzi wote kutoka mwisho wa mshipi hadi ndoano ufike mita 3 au zaidi ili kunyumbuka kwake kusaidie, na uinue fimbo kwa kiganja badala ya mkono mzima.

Chambo chenyewe kwa perege hakihitaji fahari: sufi ya kijani iliyozungushwa kwenye ndoano namba 12 kufanana na ule utando wa kijani wanaoula, au kichambo cha kahawia chenye mizunguko michache ya waya wa shaba kizame polepole. Kiache kizame, hesabu hadi kumi, vuta sentimita mbili, tulia, vuta tena. Usisubiri kuvutwa. Tazama pale mshipi unapoingia majini: ukisita au ukihama kidogo pembeni, tayari amekichukua.

Mtera na upepo

Mtera ni habari nyingine. Likijaa, bwawa lina zaidi ya kilomita za mraba 600, na maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo huingia humo. Hakuna kilima wala msitu wa kukukinga. Kila mkazi wa Dodoma anajua upepo wa kuanzia Julai hadi Oktoba unavyoinua vumbi. Juu ya maji hakuna hata nyumba ya kuupunguza. Asubuhi mapema huwa shwari, lakini jua likishachomoza vizuri upepo unaamka nalo. Unavulia mtumbwini au kwenye boti, kwa sababu kando ya maji kuna mamba na viboko, na visiki vya miti iliyozama hunasa kila kitu kinachopita chini.

Hapa fimbo ya haraka inapata haki yake. Mshipi unaporushwa hujikunja kitanzi angani kabla ya kunyooka. Fimbo ya haraka, kwa kuwa inapinda ncha tu, hutengeneza kitanzi chembamba, kinachopenya upepo kama kisu. Ya polepole hutengeneza kitanzi kipana, na kitanzi kipana ni tanga: upepo unakishika na kukurudishia chambo usoni. Ukiwa na Foundation na mshipi unaolingana nayo, mita 18 hadi 20 dhidi ya upepo wa wastani ni kazi ya kawaida kwa mtu aliyejifunza. Ukiwa na Classic Trout katika upepo huohuo, mita 12 ni za kupigania. Pia Classic Trout haitengenezwi kwa namba kubwa. Mfululizo wake unaishia namba 6, kwa hiyo anayewaza kambale mkubwa asiiangalie.

Lakini tahadhari: fimbo ya haraka haisamehe. Kosa linaloonekana mara nyingi kwa wanaoanza ni kusukuma kwa nguvu mapema, mwanzoni mwa mrusho, badala ya kuongeza mwendo hatua kwa hatua na kusimama. Ncha inapinda zaidi ya inavyotakiwa, inashuka, kisha mshipi wa juu unaanguka na kuukata ule wa chini. Matokeo ni fundo dogo katikati ya uzi wa mwisho, ambalo mvuvi halioni hadi samaki akatike nalo. Fundo la namna hiyo hupunguza uimara wa uzi hadi karibu nusu. Kila baada ya mirusho 20 hivi, pitisha uzi wa mwisho kati ya vidole. Ukihisi kipele, kata, funga upya.

Dawa yake ni kufikiria uso wa saa ya ukutani, mvuvi akitazamwa kutoka ubavuni akielekea kushoto. Kwa fimbo ya haraka, mkono usimame namba 1 nyuma na namba 10 mbele, njia fupi. Kwa ya polepole, njia ni ndefu zaidi, kutoka karibu namba 2 hadi kati ya 9 na 10, na kusubiri nyuma ni kwa muda mrefu kidogo. Anayehama kutoka fimbo moja kwenda nyingine bila kubadili mwendo wa mkono hulaumu fimbo bure.

Kambale na yule mwenye meno

Kwa kambale, namba 5 yoyote kati ya hizi tatu ni ndogo. Kambale wa kilo 4 akijichimbia kwenye matope hatolewi kwa ncha; anatolewa kwa shina la fimbo. Nenda namba 8. Orvis wanatengeneza Clearwater hiyohiyo kama 908-4, yenye kitako kidogo nyuma ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) cha kuegemeza tumboni unapovutana. Ndoano namba 2 hadi 4, chambo cheusi cha manyoya marefu chenye kichwa cha risasi au shaba, jioni jua likizama, ukikiburuta taratibu karibu na matope.

Na kama mipango yako inafika Ruaha Mkuu na mito mingine ya bonde la Rufiji, kuna tigafishi, Hydrocynus tanzaniae, samaki ambaye jina lake la kisayansi linabeba maana ya mbwa wa majini, na meno yake yanaonyesha kwa nini. Huyu anataka fimbo ya haraka namba 8 au 9, waya wa chuma wa sentimita 20 hadi 30 mbele ya ndoano, na ndoano namba 1/0 hadi 4/0, ambazo ni kubwa kuliko hizo zote. Mdomo wake ni mfupa mtupu. Ukiinua fimbo akigusa, kama unavyofanya kwa perege, ncha inapinda na nguvu yote inaishia hewani, ndoano haimwingii. Fimbo ielekezwe kwake moja kwa moja, na mkono wa kushoto uvute mshipi kwa nguvu mara mbili, tatu, ndipo fimbo iinuke. Hapa hakuna fimbo laini itakayokusaidia, hata iwe nzuri vipi.

Usiamini neno la kwenye mkebe, pima

Neno "haraka" halina mkaguzi. Kila kampuni inaliandika inavyopenda, na ya haraka ya kampuni moja ni ya wastani kwa nyingine. Kuitikisa hewani ukiwa sebuleni hakukuambii mengi, kwa sababu bila mshipi kila fimbo inaonekana ya haraka. Mmarekani William Hanneman alibuni namna ya kupima kwa kutumia sarafu za senti kama mawe ya mizani. Kwetu maji yanafaa zaidi, kwa kuwa mililita 1 ni gramu 1.

Unganisha fimbo, uifunge mshiko wake kwa mpira wa baiskeli juu ya kizingiti cha dirisha au ukuta wenye kimo cha mita moja na nusu, ilale sawa na sakafu. Meza ya kawaida haitoshi. Ncha itagusa sakafu kabla hujamaliza. Bandika njiti nyepesi, ya sentimita 10 hivi, kwa selotepu kwenye ncha, iendelee mbele ya fimbo. Pima kimo cha ncha kutoka sakafuni. Ning'iniza kichupa chepesi cha plastiki kwa uzi wa cherehani, kisha ongeza maji kwa bomba la sindano la mililita 10 hadi ncha ishuke theluthi ya urefu wa fimbo. Kwa futi 9, ambazo ni sentimita 274, theluthi ni sentimita 91. Sasa soma pembe kati ya ile njiti na mstari wa sakafu, kwa kipimapembe cha shule au programu ya simu. Chini ya nyuzi 59 ni fimbo ya polepole. 59 hadi 63, ya wastani. 63 hadi 66, wastani kuelekea haraka. Zaidi ya 66, ya haraka. Uzito wa maji pamoja na kichupa, upimwe kwenye mizani ya dukani, unakupa nguvu ya fimbo. Zikiwa mbili za namba moja, iliyohitaji gramu nyingi zaidi ndiyo ngumu.

Yanayoharibika mara nyingi ni mawili. Fimbo isipokazwa vizuri nyuma, mshiko unainuka na kipimo kinadanganya. Na mtu akiongeza maji kwa pupa, ncha inashuka kwa kishindo. Ncha ya kaboni haipendi hilo. Mililita 5, subiri itulie, kisha 5 nyingine.

Kipimo hiki kina faida ya pili. Fimbo nyingi za haraka zilizoandikwa 5 zina nguvu inayokaribia 6. Ndiyo maana wavuvi wengi huweka mshipi wa namba moja juu na ghafla fimbo "inaamka" katika umbali mfupi. Ila kabla ya kufanya hivyo soma uzito kwenye boksi la mshipi. Mishipi mingi ya kisasa yenye alama 5 tayari ni mizito kuliko gramu 9.1, nusu namba au namba nzima. Ukiongeza namba juu ya hapo, unaishia na 7 kwenye fimbo ya 5, na fimbo inalegea kama mkia wa ng'ombe.

Kwa hali ya hewa ya Dodoma, mshipi ni wa kuangaliwa sana. Mishipi iliyotengenezwa kwa nchi za baridi, ambayo ndiyo mingi na rahisi, hulegea na kunata kwenye pete za fimbo inamopita jua la saa saba mchana likiipiga, na umbali unapotea hata kwa fimbo bora. Iliyoandikwa kuwa ya tropiki ina kiini kigumu kinachovumilia joto. Kasoro yake ni asubuhi za Juni na Julai, kibaridi cha Dodoma kinapoufanya ujikunje kama springi ya kitanda. Dawa ni kuuvuta mita mbilimbili kwa mikono yote miwili, polepole, kabla ya kuanza. Fimbo ya dola mia mbili yenye mshipi sahihi itaishinda ya dola elfu moja yenye mshipi mbaya.

Bei na kinachovunja fimbo

Kwa bei za huko Marekani, Classic Trout na Clearwater ziko chini ya dola 300. Foundation imesimama juu yao, na fimbo za kilele kama Orvis Helios zinapita dola 1,000. Tofauti kubwa kati ya daraja la dola 200 na la 1,000 ni uzito wa mkononi na usahihi wa ncha kusimama. Samaki wa Hombolo hataijua. Clearwater ina dhamana ya miaka 25, jambo zuri, lakini ukiwa Dodoma hesabu gharama ya kusafirisha kipande kilichovunjika kwenda na kurudi kabla ya kuifurahia.

Kinachovunja fimbo za kaboni ni karibu kila mara mambo manne. Mlango wa gari. Kuinua fimbo kupita wima samaki akiwa karibu na boti, hivyo mzigo wote unaangukia sentimita 30 za ncha. Badala yake shusha fimbo ubavuni na umsogeze samaki kwa wavu. Chambo chenye kichwa cha chuma kugonga fimbo kikiwa kasi: mwanzo unaona kikwaruzo kidogo tu, lakini nyuzi za kaboni chini yake zimekatika, na fimbo itavunjika hapo wiki tatu baadaye kwa samaki wa robo kilo. Hii huwapata zaidi wenye fimbo za haraka, kwa kuwa kaboni yake ni nyembamba na ngumu. Faibaglasi, kama Redington Butter Stick, ni nzito na ya polepole lakini huvumilia sana vipigo.

La nne ni maungio kulegea. Unapounganisha, ingiza kipande pete zikiwa zimepishana robo duara, kisha sukuma huku ukizungusha hadi zilingane. Nafasi ya milimita 5 hadi 10 inayobaki ni ya kawaida, usilazimishe ifungwe. Kila nusu saa gusa maungio yote. Kirusho kimoja ungio likiwa limelegea kinatosha kupasua mdomo wa kipande cha nje. Vumbi la Dodoma hufanya kazi ya msasa humo ndani, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye maji, kausha, na sugua mshumaa mweupe kidogo kwenye kipande kinachoingia. Mshiko, ambao ni wa koki kama kizibo cha chupa, usioshwe kwa petroli wala jiki. Sabuni ya kawaida na sifongo vinatosha. Na usifungie fimbo ikiwa na unyevu kwenye mkebe.

Jambo moja zaidi kuhusu kaboni: hupitisha umeme. Mtera ni bwawa la kuzalishia umeme na nyaya kubwa zinapita hapo. Usiunganishe fimbo ya futi 9 chini ya waya, wala usiinyanyue juu mawingu ya Desemba hadi Machi yakianza kunguruma.

Hukumu yetu

Atakayevua Hombolo peke yake, kwa perege, achukue Classic Trout 590-4 na asisikilize anayemwambia anunue ya haraka "kwa ajili ya baadaye". Kwa mkono unaoanza, fimbo laini hufundisha, kwa sababu unahisi kila kitu. Atakayevua Mtera tu, akiwa na boti na ameshajua kurusha, Foundation namba 5 haitoshi hata kama ni nzuri. Hiyo pesa aiweke kwenye ya haraka namba 8. Anayetaka fimbo moja ya maji yote mawili, Clearwater namba 6, 906-4, ndiyo jibu letu: mshipi wa tropiki wenye gramu 10.4 hadi 11.5 kwa futi 30 za mwanzo, mita 90 za uzi wa akiba nyuma yake, rili ya namba 5/6. Kabla ya safari ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya kuhusu leseni na kama bwawa limefunguliwa kwa uvuvi msimu huo.

Mzigo ukifika, fungua mkebe mbele ya aliyekuletea, kabla ya kutia sahihi. Toa kila kipande kwenye soksi yake, yaani mfuko wake wa kitambaa. Tazama pete ya ncha kama imekaa wima, zungusha kipande cha juu kati ya vidole ukitafuta kikwaruzo kinachokwama kwenye kucha, soma maandishi juu ya mshiko yalingane na ulichoagiza, na upige picha namba ya usajili.